Mlezi wa Ghorofa ya Nne

Tarehe 9 Februari

Kwa mpwa wangu Chiriku, huko chuoni,

Kwa taadhima kubwa, na baada ya mashauriano marefu na nafsi yangu, napenda kuutangazia umma kwamba kiti cha pili cha duka langu la kinyozi, ambacho miaka yote kilikuwa kimeinamia kushoto, kimetengenezwa na fundi hodari na sasa kinainamia kulia. Wateja waliozoea kuegemea upande ule wanaombwa wawe na subira. Wawili wameshaguswa sikio kidogo, lakini kwa nia njema.

Sisi hatujambo. Mama yako hajambo, na mdomo wake haujambo zaidi. Kila anayekuja kupimwa nguo anaambiwa kwamba binti wa fundi anasomea michezo. Juzi mzee mmoja aliyeleta suruali ipunguzwe alirudi na raba za kukimbilia, za mwanawe aliyeachana na riadha. "Mpe binti, zitamfaa," akasema. Mama yako akazipokea kwa mikono miwili. Nilimwuliza kwa nini hakumweleza mzee wa watu kwamba michezo yenyewe ni ya kwenye kompyuta, na anayeitengeneza hata kwenye kiti habanduki. Akanijibu, "Ndugu yangu, ukipewa usichague." Kwa hiyo una raba. Zinakuzidi.

Ndiyo sababu naandika barua wala sipigi simu. Simu ya nyumba hii anaishika dada yangu, na ukipiga anaweka sauti kubwa ili majirani nao wapate elimu. Barua zako zielekeze dukani. Hapa watu huja kunyolewa, hawaji kusoma.

Sasa niambie habari za huo ubia uliougusia. Nani ameshirikiana na nani, na wewe uko upande gani wa hesabu?

Mjomba wako

*

Tarehe 2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilikaa kwa mlinzi wa bweni siku nyingi. Anasema aliidhani ya kesi, maana siku hizi anayeandika barua ni wakili tu. Poleni wenye masikio. Mimi ni mzima, na maharage ya chuo nayo ni mazima, hayaivi. Mwambie Mama nashukuru kwa raba. La, usimwambie kitu.

Ubia uko hivi. Kuna kampuni ya kutengeneza michezo ya kompyuta, ofisi yake iko huko huko mjini kwenu. Imekubaliana na chuo kuwalea wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Siku ya makubaliano, mwaka jana, tulipewa fulana, tukapigwa picha tunashangilia. Mpiga picha akatwambia tushangilie tena, mara ya kwanza hatukuonekana kuamini. Jina lao sasa liko getini, herufi zake kubwa kuliko za chuo. Mgeni anaweza kudhani sisi ndio tawi lao.

Kila mmoja wetu amepewa mlezi kutoka kampuni. Mlezi anautazama mchezo unaoutengeneza, anakuelekeza, halafu kampuni inakuchukua kwa miezi ya mafunzo kazini, na mwisho inakutilia sahihi. Bila sahihi ya mshirika hakuna cheti. Hilo wameliandika kwa wino mzito. Mwalimu wetu anasema, "Kompyuta mtaijua humu, kazi mtaijua kule." Yeye mwenyewe kule hajafika.

Mchezo wangu utaujua. Unakumbuka siku tuliyohamisha kioo kikubwa cha duka? Wewe mbele unarudi kinyumenyume, mimi nyuma, tukavuka mji kwa miguu kwa sababu kila mwenye gari alikitazama akatikisa kichwa. Watu wakawa wanasimama njiani wanajiangalia, wanaweka kola sawa. Mwanamke mmoja alitusimamisha kabisa mpaka akamaliza kupaka wanja. Basi ndio mchezo wenyewe. Watu wawili, kioo, na mji. Mchezaji hamuui mtu. Kazi yake ni kufika. Na kila anayejitazama anakiacha kioo kizito kuliko alivyokikuta.

Mwalimu aliucheza akakivunja kwenye kona ya kwanza. Akacheka, akaanza upya. Akakivunja tena, akaanza upya, na kengele ya kipindi ikalia hajainuka. Hapo nikajua nimepata.

Mlezi ameniandikia mstari mmoja: "Kazi nzuri, endelea, uko karibu." Sijui karibu na nini, lakini nimeukariri kama wimbo.

Mpwa wako

*

Tarehe 25 Machi

Chiriku,

Marahaba. Hatujambo. Mama yako amenunua fremu. Fremu ya cheti, ya dhahabu ya kupaka, na ameshaitundika sebuleni. Kwa kuwa cheti chenyewe bado, ndani imebaki ile picha iliyotoka nayo dukani, ya familia ya watu tusiowajua, wanacheka ufukweni. Wageni wanauliza hao ni jamaa zetu wa wapi. Mama yako anawajibu ni wa upande wa baba yako. Kusema kweli wanapendeza kuliko jamaa halisi wa upande huo.

Katika barua yako nilifika kwenye neno moja nikaiweka chini, nikanoa wembe kwanza. Mlezi. Mimi niliyekupeleka shule ukilia na kukurudisha ukiongea, na hujanyamaza mpaka leo, mimi ni nani, mpita njia? Mtu anaandika mstari mmoja, tayari kalea! Basi na mimi nitamwambia kila mteja, "Kichwa kizuri, endelea," niitwe baba yake.

Lakini sina kinyongo. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huenda huyu ndiye mgeni wenyewe. Msikilize. Mimi ninachojua kuhusu kompyuta ni kwamba ya benki huwa haifanyi kazi siku ninayokwenda mimi.

Nimefurahi kuwemo kwenye mchezo. Ila nina swali. Kwa nini ni mimi ninayerudi kinyumenyume? Najua ndivyo ilivyokuwa. Nauliza tu kama hata kwenye kompyuta hapakupatikana njia nyingine.

Mjomba wako, mlezi mstaafu

*

Tarehe 30 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Bweni zima lina mafua, tunaambukizana kwa zamu. Hongera kwa jamaa wapya ukutani. Msalimie yule wa katikati, anaonekana mcheshi.

Mlezi siku hizi anaandika mistari mitatu. Alisema mchezo wangu hauna adui, kwa hiyo kioo kiwe ngao. Nikakifanya ngao. Baadaye akasema ngao bila bunduki haina maana. Nikaweka bunduki. Juzi ameandika kwamba yule mzee wa mbele anachelewesha mwendo, atolewe.

Mzee wa mbele ni wewe, Mjomba. Nimekutoa. Nilijaribu kukubakiza pembeni, uwe mtu wa kuuza risasi, lakini ameona ni afadhali risasi ziwe za kuokota.

Wenzangu wameambiwa vivyo hivyo. Kuna mmoja alikuwa na mchezo wa kulisha njiwa. Njiwa wake sasa wanalipuka. Tukikaa maabara, michezo yetu yote inatoa mlio mmoja, huwezi kujua nani anacheza wa nani. Mwalimu haingilii. Anasema soko linajua.

Ningevumilia hayo yote. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mafunzo kazini yalikuwa yaanze mwezi huu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeitwa. Tunaandika, hatujibiwi. Mkuu wa idara anasema mshirika ana shughuli nyingi. Bila mafunzo hakuna sahihi, na bila sahihi unajua.

Nakuomba uende ofisini kwao. Ni lile jengo lililo nyuma ya benki, ghorofa ya nne. Uulize tu ni lini. Usigombane na mtu. Na tafadhali, usimwite mtu yeyote "we kijana".

Mpwa wako

*

Tarehe 21 Mei

Chiriku,

Marahaba. Mama yako ana kikohozi kidogo, anakitumia vizuri: akikohoa anasema ni furaha imemkaba.

Nimekwenda. Jengo ni zuri. Mlangoni nilimkuta mlinzi, amevaa koti la kampuni moja na kofia ya nyingine.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Ghorofa ya nne. Kwa watu wa michezo."

Akanitazama tumbo. "Wewe unacheza nini?"

"Mimi ni mzazi."

"Ahaa," akasema, na sauti ikamshuka kama ya mtu anayekuonyesha mlango wa chumba cha maiti. "Basi pita. Wazazi huwa hawakai sana."

Ngazi zina vigae vya kijani, zimefagiliwa vizuri. Ghorofa ya kwanza kuna ofisi ya kitu gani sijui, wamefunga pazia. Ya pili kuna daktari wa meno. Mgonjwa wake alikuwa analalamika kwa heshima. Ya tatu kuna bwana anayetafsiri nyaraka, ameweka ua la plastiki na analimwagilia maji, nimeona kwa macho yangu. Ya nne nilifika. Mlezi wako nimemwona. Ana nywele nyingi. Tumeongea, ni mtu wa adabu, anakusalimu.

Kuhusu lini, mambo yanaendelea.

Mama yako anauliza siku ya mahafali utavaa kitambaa cha rangi gani, anataka aanze mapema.

Mjomba wako

*

Tarehe 8 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nimepona mafua. Hayo ndiyo maamkizi.

Umeniandikia vigae, meno, ua la plastiki na nywele. Kinyozi akisema mtu ana nywele nyingi hajasema kitu, ni kama mvuvi kusema bahari ina maji. Nakujua. Wewe ukiwa na jambo la kuficha huwa unaeleza njia. Baba alipoondoka ulinikalisha ukaniambia habari za basi alilopanda, lilivyokuwa jipya, dereva alivyovaa miwani, mizigo ilivyofungwa kamba vizuri. Nilikuwa mdogo lakini nilielewa kwamba harudi.

Niambie kuna nini ghorofa ya nne. Siku ya mwisho ya kupeleka sahihi ni mwisho wa Septemba.

Mama mwambie rangi yoyote.

Mpwa wako

*

Tarehe 2 Julai

Chiriku,

Marahaba. Mama yako amepona. Kitambaa amechagua cha buluu, na ameshakikata.

Basi sikia. Ghorofa ya nne kuna chumba kimoja. Kina meza sita na kompyuta moja. Ukutani kuna picha yenu kubwa, mmevaa fulana mnashangilia, na wewe uko mstari wa pili umefumba macho. Nyuma ya kompyuta alikuwepo mlezi wako. Ni mvulana wa rika lako. Aliponiona alisimama, mikono akaiweka nyuma, kama mwanafunzi aliyekutwa na peremende mdomoni. Nilimwuliza ni lini. Akasema, "Mambo yanaendelea, mzee wangu." Ndiyo nikakuandikia hivyo, neno ni lake, sikulitunga.

Nywele kweli zilikuwa zimemfunika masikio. Nikamwambia aje dukani nimnyoe bure. Akaja Jumamosi.

Mtu akishafungwa shuka shingoni na kuinamishwa kichwa, haoni uso wa anayemsikiliza. Hapo ndipo watu husema. Nilimwacha atulie mpaka nikafika kisogoni.

"Kampuni ina watu wangapi?"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Tupo."

"Mpo wangapi?"

"Mimi."

"Na mkubwa wako?"

"Alisafiri kutafuta wawekezaji. Tangu mwaka jana. Huwa anatuma ujumbe." Akasogea kidogo. "Polepole hapo, mzee, unanikwaruza."

"Samahani. Kazi hii ulisomea wapi?"

Akataja chuo chako. Nikazima mashine.

"Nilikuja kwa mafunzo kabla ubia haujatangazwa, kama watakavyokuja wao," akasema. "Nikaambiwa nisubiri sahihi, na wakati nasubiri niwalee hawa wapya."

"Kwa hiyo cheti huna."

"Mambo yanaendelea."

"Na hayo ya bunduki? Ya kumtoa mzee wa mbele?"

Akaanza kukunjakunja pindo la shuka. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa na mchezo wa mama anayetafuta ufunguo nyumbani kwake. Mlezi wangu aliniambia niweke bunduki, na nyumba niitoe. Nimewapa nilichopewa mimi. Kingine sikijui."

"Huyo mlezi wako yuko wapi?"

"Anauza simu."

Nikawasha mashine. Nilikuwa nimefika juu ya sikio aliposema tena, bila kuulizwa, "Ule wa kioo ulikuwa mzuri. Niliucheza siku nzima kabla sijamwandikia."

"Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia. Kazi nzuri, endelea."

Najua unataka kuuliza nilimfanya nini. Nilimalizia kichwa. Kilikuwa nusu, na mtu humwachi na nusu kichwa hata akiwa amekukosea.

Sikukuandikia mwanzoni kwa sababu nilidhani nikizieleza ngazi vizuri utachoka kupanda. Nenda kwa wakubwa wa chuo ukawaambie. Wakishindwa, njoo nyumbani. Mimi nitamweleza mama yako. Sijui nitaanzia wapi, lakini nitamweleza.

Mjomba wako

*

Tarehe 30 Agosti

Chiriku,

Hatujambo. Hii ni barua ya tatu, zile mbili hujazijibu. Labda mlinzi wa bweni amempelekea wakili.

Jana nilivunja mwiko wangu nikaomba simu. Mama yako akapiga mwenyewe, akaweka sauti kubwa, majirani wakasogea mlangoni. Akakuuliza, "Mwanangu, habari za chuo?" Ukasema, "Mambo yanaendelea, Mama." Majirani wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka walipomaliza kukupongeza.

Nimerudi ghorofa ya nne. Mlango umefungwa. Mlinzi anasema yule mvulana alishuka asubuhi moja, akamkabidhi ufunguo, akamwomba radhi. Nikamwuliza mlinzi, radhi ya nini? Akasema, "Hata mimi nilimwuliza. Akasema hana mwingine wa kumwomba."

Mama yako bado sijamwambia. Kila nikianza, naona namweleza habari za kitambaa.

Chiriku asiyeongea anaitwaje? Niandikie hata mstari mmoja. Hata ule wa kazi nzuri, nitaupokea.

Mjomba wako

*

Tarehe 6 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Barua zako zote nilizipata. Nisamehe kwa kimya. Ni mzima, nakula, na mvua huku zimeanza, paa la maabara linavuja juu ya kompyuta zile zile zisizofanya kazi, kwa hiyo hatujapata hasara.

Nilikwenda kwa mkuu wa idara, kama ulivyosema. Nilimweleza yote: chumba kimoja, mtu mmoja, mwaka mzima. Alinisikiliza vizuri sana, Mjomba. Akatoa kalamu. Nikadhani anaandika malalamiko yangu, kumbe alikuwa ananiuliza hiyo ghorofa ni ya ngapi, ili safari nyingine barua zao ziende moja kwa moja. Halafu akasema chuo hakiwezi kuvunja ubia, jina limeshapakwa getini, na wageni wote wa chuo wameshalisoma. "Ninyi mna haraka," akasema. Septemba ikaisha. Katika darasa letu hakuna aliyepata sahihi. Mahafali yalifanyika, tuliruhusiwa kukaa nyuma. Yule wa njiwa hakuja. Mwalimu alinikuta langoni, akaniuliza kama ule mchezo wa kioo bado ninao. Nilimwambia niliufuta nilipoandika wa bunduki juu yake, wa zamani haupo tena. Akasema pole, akaniuliza kama kuna mvua.

Wiki iliyofuata nikapata ujumbe kutoka kwa mkubwa wa kampuni, yule aliyesafiri. Anasema amefuatilia maendeleo yangu kwa karibu. Nafasi ya mlezi imekuwa wazi, nije nianze, na sahihi itashughulikiwa nikiwa ndani.

Nimekubali.

Najua utakachosema, umeshakisema, na nimekisoma mara nyingi kuliko barua yoyote. Lakini fikiria. Nikirudi nyumbani sina cheti. Nikipanda ghorofa ya nne sina cheti, ila nasubiri. Kusubiri Mama anaweza kuwaeleza watu. Kurudi hawezi.

Mwambie nimepata kazi mjini. Maneno yenyewe ni ya kweli ukiyachukua moja moja. Nitafikia kwenu mwisho wa mwezi huu, na nguo ya buluu nitaivaa siku ya kwanza kazini, mwambie aimalizie. Mlinzi wa jengo mwambie asimpe mtu ufunguo. Na nikifika, Mjomba, mbele ya Mama usinitazame kama unavyotazama kichwa kilichonyolewa na mtu mwingine.

Mpwa wako

Nimesahau kukuambia: juzi chuo kimebandika tangazo. Sahihi ya mshirika haihitajiki tena ili kupata cheti. Msamaha huo unaanza na wanaoingia mwaka huu.